Maji ya Kusuuzia Bureti

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga maji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonirudia miaka sita baadaye na kunitoa jasho mbele ya Mkaguzi wa Elimu wa Jimbo. Nyie walimu vijana mnaonijia kuuliza, "Mzee, zamani kemia mlifundishaje?" mnategemea nianze na moshi na milipuko. Hakukuwa na milipuko. Kulikuwa na maandalio ya masomo, madaftari kwa madaftari, na maji yasiyotosha.

Nilipangiwa shule ya kati huko Newala, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, nimetoka chuo cha ualimu na sanduku la bati na viatu vya kuazima. Mimi ni Mmakua wa bondeni, upande wa Lulindi. Kwetu kijito kilipita nyuma ya shamba la baba, na mtu akitaka kuoga alishuka tu akaoga. Nilifika nyumbani kwa Mwalimu Mkuu alasiri, nimejaa vumbi la lori toka Masasi mpaka kwenye nyusi. Mke wake akaniletea beseni la maji. Nikanawa uso, mikono na miguu, kisha, kwa adabu za kwetu, nikayamwaga yaliyobaki uani ili nisimrudishie mwenye nyumba uchafu wangu. Yule mama aliliangalia lile doa mchangani mpaka likakauka. Mimi nikajisemea moyoni kwamba watu wa Newala ni wepesi wa kununa.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mfupi, mweusi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Chakula kilikuwa kimeshafika mkekani, lakini alikifunika kwanza.

"Nionyeshe andalio lako la kesho."

"Nimefika sasa hivi, Mwalimu Mkuu."

"Kesho nayo inafika," akasema.

Niliandika andalio njaa ikiniuma, yeye amekaa ananitazama. Kwa ambao hamkuyaona ya wakati wetu: azimio la kazi lilikuwa mpango wa muhula mzima, wiki kwa wiki, mada gani inafuata ipi. Andalio la somo lilikuwa la kipindi kimoja, ukurasa uliopigwa mistari ya safu tano: muda, kazi ya mwalimu, kazi ya wanafunzi, vifaa, maoni. Safu ya vifaa ndiyo iliyonizeesha. Ukiandika kitu humo ni lazima kiwepo mezani, na ukiweka mezani kitu ambacho hukukiandika, ni kosa vile vile.

Hapo Newala nilifundisha sayansi ya mwanzo, na somo nililolipenda lilikuwa la tindikali na alkali. Tulikuwa na karatasi za litmasi; tindikali hugeuza ya bluu ikawa nyekundu, na alkali, ambayo ni jamii ya magadi na majivu, hugeuza nyekundu ikawa ya bluu. Zilipoisha nilichemsha maua ya choya, yale mekundu yanayotoa rangi, nayo yakafanya kazi. Watoto wakaleta vya kupima toka majumbani: limau, maji ya mabibo, magadi, maji ya majivu ambayo mama zao walilainishia mboga. Mmoja akaleta mafuta ya ganda la korosho, yakamchubua kiganja. Mwalimu Mkuu akalipitia andalio langu mara mbili.

"Sioni ganda la korosho kwenye vifaa."

"Sikuliagiza mimi, Mwalimu Mkuu."

"Basi liandike kwenye maoni. Na kiganja chake kiandike."

Nilikaa naye miaka mitatu. Nilimlaumu kila siku, na kila nilichojua kuhusu kupanga somo nilikipata kwake. Huko huko Newala ndiko nilikooa. Mke wangu ni Mmakonde wa hapo hapo, mtu asiyesema mengi lakini akisema hutasahau. Tukampata Hilda, na tangu hapo yeye ni Mama Hilda na mimi ni Baba Hilda. Nilimsimulia habari ya kiganja na ganda la korosho akacheka mpaka akakaa chini.

Baadaye nikapelekwa kozi ya sayansi ya mwaka mmoja, na nilipomaliza nikahamishiwa shule ya sekondari ya misheni, juu ukingoni mwa nyanda, kati ya Masasi na Newala. Jina lake naliacha, maana waliosoma pale bado wapo na wana midomo. Mkuu wa Shule alikuwa padri wa Kiingereza, mrefu, mpole, mwenye kupenda mpira wa miguu kuliko karatasi. Aliponipokea alinipeleka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbao, akafungua mlango kwa goti.

"Hii ndiyo maabara yetu," akasema. "Ina sinki."

Kweli ilikuwa na sinki, moja. Haikuwa na bomba la kuleta maji, ilikuwa na bomba la kuyatoa tu. Lilipenya ukutani na kutokeza nje, likamwaga kwenye kokoto. Nilisimama nikaitazama ile sinki.

Maji ya shule yalipandishwa kwa kichwa. Nyanda zile ni kavu juu, mvua ikinyesha mchanga unainywa, na chemchemi ziko chini mabondeni. Wazazi wa vijiji vya jirani walikubaliana kuleta maji kwa zamu. Akina mama walianza kushuka kabla jua halijatoka, na waliporudi na madebe kichwani jua lilikuwa utosini. Yalipokelewa nyuma ya jiko la shule na mke wangu, ambaye Mkuu wa Shule alimpa kazi ya kusimamia mapipa. Mimi nilichukua debe langu kila asubuhi, sikujiuliza zaidi. Nilikuwa na azimio la kazi la kujaza.

Darasa la kumi na mbili lilikuwa na vijana kumi na mmoja, wa kwanza pale kusoma kemia hadi mwisho. Mkuu wa Shule aliniita ofisini muhula ulipoanza. Alikuwa na barua mkononi, anaikunja na kuikunjua.

"Mkaguzi wa Elimu wa Jimbo atakuja Oktoba," akasema. "Atawatazama vijana wakifanya kazi ya vitendo. Akiridhika, wataandikishwa kwa mtihani wa kemia. Asiporidhika, somo litafutwa na chumba kitapewa useremala."

"Na vijana wenyewe, Padri?"

"Watafanya masomo mengine. Isipokuwa Danieli, nadhani. Danieli ndiye ananisumbua akilini."

Danieli alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mdogo kama punje za mtama. Alitaka kusomea udaktari, na chuo cha udaktari hakikumtaka mtu asiye na kemia. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake alikuwa miongoni mwa wale walioleta maji. Nilipokutana naye nyuma ya jiko na kumwambia, "Shikamoo, mama," aliitikia, "Marahaba, mwalimu," halafu kila mara swali moja: "Danieli anakwenda?" Nilimjibu anakwenda. Kwa hiyo mnaelewa nilikuwa nimebeba nini.

Nikapanga. Septemba, umeme na kemia. Oktoba, kupimanisha tindikali na alkali, ambayo Mkaguzi alitaka kuiona. Ningeweza kuugeuza mpangilio, lakini silabasi ilikuja imepangwa na Mkaguzi alikuwa na nakala yake.

Somo la umeme lilinipa dalili ya kwanza, nami sikuiona. Ukipitisha umeme kwenye maji yaliyotiwa tindikali kidogo, maji yanavunjika yakawa hewa mbili, haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Nilimbembeleza dereva wa misheni wiki nzima aniazime betri ya lori. Vijiti vya kaboni nilivitoa kwenye betri za tochi zilizokufa. Mapovu yakapanda vizuri kabisa, nami nikageuka kulitazama darasa nikitegemea nyuso za furaha. Walikaa kama wako msibani. Danieli akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hayo maji yaliyovunjika yanarudi?"

Sasa angalieni upumbavu wangu. Kwenye andalio nilikuwa nimetenga dakika tano za maswali, na zilikuwa zimekwisha. Nikamwambia swali lake halimo kwenye somo la leo. Akakaa. Yule mtoto aliuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii, nami nikamwonyesha saa ya ukutani.

Oktoba ikaingia, mwezi mkavu kuliko yote, na kupimanisha kukaanza. Kazi hii ni ya mikono zaidi kuliko ya kichwa. Kuna bureti, mrija mrefu wa kioo wenye alama na koki chini; humo unatia tindikali. Kuna pipeti, mrija mdogo wa kufyonzea kipimo kile kile cha alkali kila mara. Alkali unaitia kwenye chupa, unaidondoshea kiashiria, yaani rangi, halafu unaifungulia tindikali tone kwa tone mpaka rangi igeuke, na hapo unasoma umetumia kiasi gani. Lakini kabla ya yote vyombo vinasuuzwa kwa maji ya mvuke. Hayo ni maji yaliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa ukawa maji tena, hayana chumvi wala udongo. Niliyatengeneza mwenyewe kwa sufuria na mrija wa shaba, kutwa nzima kwa mtungi mmoja. Unasuuza, unamwaga. Unasuuza tena, unamwaga. Neno "mwaga" lilikuwa kwenye andalio langu mara nne.

Jibu sahihi lilikuwa sentimita za ujazo ishirini na tano. Vijana wa kwanza walipata ishirini na tano. Waliofuata walipata pungufu kidogo, na wa mwisho wakapata ishirini na nne. Kila aliyekuwa nyuma alitumia tindikali kidogo kuliko aliyemtangulia. Nikadhani alkali yangu imeharibika, nikaitengeneza upya. Ikawa vile vile. Nikapima tindikali upya, nikabadilisha kiashiria, nikaiosha mizani kwa mate na kitambaa. Vile vile. Juma zima kichwa kiliniuma. Nikaanza kuamini kwamba wananichezea, nikawasimamisha mmoja mmoja.

"Danieli, ishirini na nne nukta moja umeitoa wapi?"

"Kwenye bureti, Mwalimu."

"Umeibuni."

"Nimesoma nilichokiona, Mwalimu."

Nikampa adhabu ya kufyeka nyasi uwanja mzima wa mpira, mbele ya wenzake. Alifyeka, hakulalamika. Nasema haya kwa aibu, na aibu hiyo sijaizoea mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata, zikiwa zimebaki siku kumi Mkaguzi afike, nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu ambacho sijakishuku, ule mtungi wa maji ya mvuke. Niliutengeneza mwenyewe, niliuandika mwenyewe kwa chaki: MAJI SAFI. Vijana walipokuwa katikati ya kazi nikachukua karatasi ya litmasi ya bluu nikaichovya. Ikatoka nyekundu. Nikachovya ya pili, nikidhani ya kwanza ina kasoro. Nyekundu.

"Nani ametia tindikali humu?"

Mikono ikaanza kunyanyuka, polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa kumi na mmoja.

"Hatutii, Mwalimu," mmoja akasema. "Tunarudisha."

"Mnarudisha nini?"

"Maji ya kusuuzia."

Walisuuza bureti kama nilivyowafundisha, na maji yale yenye mabaki ya tindikali, badala ya kuyamwaga kwenye sinki, waliyamiminia mtungini kwa uangalifu mkubwa bila kudondosha hata tone. Kwa hiyo mtungi ulizidi kuwa mchachu kadiri mchana ulivyokwenda. Kila aliyeosha chupa yake kwa maji hayo alikuwa ameshatia tindikali kabla hajaanza, ndiyo maana bureti ikatumika pungufu. Hesabu zao zote zilikuwa za kweli. Danieli alisoma alichokiona.

"Nimesema mmwage," nikawaambia, na sauti ilikuwa imeshapanda. "Nimeandika ubaoni. Mwaga. Kuna mtu hajui maana ya mwaga?"

Danieli akajibu akitazama meza. "Mwalimu, haya ya leo ni zamu ya mama yangu."

Nilifoka hata hivyo. Nilifoka kwa sababu sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu ni mnyama mbaya. Nikaenda nyumbani nikayamwaga yote kwa Mama Hilda: ukaidi wa watoto wa Newala, mtungi wangu wa kutwa nzima, Mkaguzi, somo kufutwa. Alikuwa anatwanga. Aliendelea kutwanga mpaka nikamaliza.

"Baba Hilda," akasema, "siku ile ulipomwaga maji uani kwa Mwalimu Mkuu, Newala nzima ilisikia. Mimi nilisikia kabla sijakuona uso."

"Hayo yameingiaje hapa?"

"Kwetu maji ya uso yanaoshea vyombo. Ya vyombo anakunywa mbuzi, na asipoyataka yanakandia udongo wa ukuta. Hayamwagwi mpaka yamefika mahali. Wewe unawaambia watoto wayamwage. Yaende wapi?"

"Yaende chini."

"Chini si mahali," akasema, akaushika mchi wake tena.

Miaka mitano ndani ya nyumba moja na mwanamke huyu, na sikuwahi kumuuliza. Niliuliza vitabu, niliandika barua kwa mwalimu wangu wa kozi, nilipima mizani. Roho iliniuma kuliko kichwa.

Jumatatu nikaingia darasani na ndoo. Nikawaambia: kuanzia leo suuzo la tindikali linakwenda humu, na suuzo la alkali linakwenda humu humu. Nikawauliza vikikutana kinatokea nini. Wakaandika wenyewe ubaoni: tindikali na alkali zinauana, zinabaki chumvi na maji. Tukajaribu. Tuliongeza alkali kidogo kidogo mpaka litmasi ikakataa kugeuka rangi yoyote, nyekundu ikabaki nyekundu na bluu ikabaki bluu. Maji yale hayakufaa kunywa, lakini kwa udongo yalifaa sana, na nyuma ya jiko la shule Mama Hilda alikuwa na ukuta wa kukandika. Ndoo ikapata mahali pa kwenda.

Mngewaona. Walisuuza mara mbili, mara tatu, bila mimi kusema. Majibu yakakaa kwenye ishirini na tano kama yamepigiliwa misumari. Nikamwomba Danieli msamaha mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao, kisha nikaenda kuazima betri ya lori mara ya pili. Safari hii haidrojeni niliikusanya nikaiwasha moto chini ya gilasi baridi. Ukungu ukajitanda ndani ya gilasi. Danieli akapitisha kidole, kikalowa.

"Yamerudi," akasema.

Haikuwamo kwenye andalio. Niliiandika kwenye maoni.

Mkaguzi wa Elimu wa Jimbo akafika siku aliyosema, saa aliyosema. Mtu mwembamba, Kiswahili chake safi cha kitabuni, kalamu ya wino mwekundu imechomekwa mfukoni. Vijana walikuwa wameshasimama kwenye nafasi zao, na Mkuu wa Shule amekaa pembeni kofia magotini. Mkaguzi akafungua daftari langu mezani, akashuka kwenye safu ya vifaa kwa ncha ya kalamu: bureti, pipeti, chupa, kiashiria. Akasimama.

"Mwalimu, ndoo ni ya nini?"

"Ya maji ya kusuuzia, Bwana Mkaguzi."

"Ndoo haimo katika orodha ya vifaa vya zoezi hili. Na una sinki."

"Ndoo hiyo ndiyo inayowafanya wasuuze, Bwana Mkaguzi."

"Watasuuza kwa sababu wameagizwa kusuuza," akasema. "Siku ya mtihani hapatakuwa na ndoo. Itoe nje, tafadhali."

Akapiga mstari mwekundu juu ya neno ndoo, mmoja, ulionyooka. Nilimtazama Mkuu wa Shule, naye akaitazama kofia yake. Basi nikaibeba ndoo nikatoka nayo. Nyuma ya jiko Mama Hilda na Mama Danieli walikuwa wanapokea maji. Hata kusalimia sikusalimia. Nikaibwaga pale nikasema, "Kaikataa. Anataka wamwage kwenye sinki," nikarudi haraka kabla Mkaguzi hajaandika kwamba mwalimu ameacha darasa.

Zoezi likaanza. Vijana wakamimina maji ya mvuke kwenye bureti, wakazizungusha kama nilivyowafundisha, na hapo wakakwama wote. Danieli ndiye aliyekuwa karibu na sinki. Akaileta bureti juu yake, mkono kwenye koki, na koki haikufunguka. Kumi waliobaki wakawa wanamtazama yeye. Mtungi wa maji safi ulikuwa pale pale, hatua moja toka mkononi mwake. Nilimwona akiutazama.

Mkaguzi akainua kichwa. "Kwa nini wamesimama?"

Nilimtakia Danieli kila kitu katika dakika ile, udaktari, koti jeupe, na yote hayo yalikuwa kwenye koki moja ndogo ya kioo. Nikajua pia kwamba akiifungua atayasikia maji ya mama yake yakipotelea kwenye kokoto. Nilishindwa hata kumwambia afungue.

Ndipo tukasikia bati likigonga ukuta kwa nje, chini kabisa, pale bomba linapotokeza. Likagonga mara moja, likatulia.

Danieli akafungua koki. Maji yakashuka sinki, yakapita bombani, na huko nje hayakuangukia kokoto. Yaliangukia bati, yakalia. Kila mtu chumbani aliisikia ile sauti. Danieli akamimina maji mengine, akasuuza mara ya pili, tena bila haraka. Wenzake wakajipanga nyuma yake.

"Sauti gani hiyo?" Mkaguzi akauliza.

"Ni bomba la sinki, Bwana Mkaguzi," nikasema, na sikuwa nimedanganya.

Wote kumi na mmoja walipata ishirini na tano, tofauti zao hazikuzidi matone mawili. Mkaguzi aliyapitia majibu yao mara mbili akitafuta waliponakiliana, hakupata. Taarifa yake ilipofika, Mkuu wa Shule alinisomea. Somo la kemia liendelee, wanafunzi waandikishwe. Kuhusu mwalimu hakuandika kitu. Mwishoni kulikuwa na sentensi moja: sinki inafanya kazi vizuri. Mkuu wa Shule alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, nilikasirika siku tatu.

Baada ya hapo nilihamishwa mara nyingi, Tandahimba, Masasi, kurudi Newala, chini ya wakubwa weusi na weupe, wengine wema, wengine wa kalamu nyekundu. Bendera ikabadilika, mabomba yakaja, silabasi zikabadilishwa kila aliyeingia ofisini alipotaka aonekane. Nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu mwenyewe, na nilikuwa msumbufu wa maandalio kama yule wa kwanza, mtanisamehe. Danieli alisoma udaktari. Nilipougua kifua nilipelekwa hospitali ya Mkomaindo, nikamkuta kavaa koti jeupe, mvi kichwani. Alinawa mikono juu ya beseni kabla ya kunipima, halafu akamwita muuguzi akampa lile beseni. "Kwenye mipapai," akamwambia.

Nyie mnaokuja kuniuliza tulifundishaje, mnataka mbinu. Sina mbinu. Nina daftari, nalo juzi nimelifungua. Ukurasa umekuwa wa njano lakini mstari mwekundu bado mwekundu. Nikachukua kalamu, maana Mkaguzi hayupo tena wa kunikataza, na juu ya mstari wake nikaandika kwenye safu ya vifaa: debe moja, nje ya ukuta, Mama Hilda. Nikamsomea mwenyewe. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua choroko.

"Mawili," akasema.

"Mawili nini?"

"Madebe yalikuwa mawili. Watoto kumi na mmoja, debe moja lingetosha wapi? Mimi nilikuwa nabadilisha. Mama Danieli alikuwa anaziba bomba kwa kiganja mpaka jingine likae sawa, yasidondoke."

Miaka yote hiyo sikujua. Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Hukuuliza," akasema. Akapepeta ungo wake, akapuliza makapi. "Zile dawa zenu zilimwasha siku mbili. Na kiganja chake kiandike."

Nimekiandika.